Plagi Ikianguka Isihukumiwe

Kwa Ndugu Fundi Mkuu,
Karakana ya Ndege Ndogo, mlango wa bluu.

Yah: Kutupwa kwa plagi nzima, na mwanangu kutishiwa kuhamishwa meza

Ndugu Fundi Mkuu,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima na umekaa kitini, maana ni ndefu kidogo. Mimi ni mama yake yule binti anayeshughulika na plagi za injini hapo kwako, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho. Kazi yangu ni kushona magodoro na mito. Shule niliishia njiani, kwa hiyo nikikosea herufi wewe soma nilichokusudia.

Juzi Kitinda alirudi kazini akapitiliza kitandani na viatu vyake. Nikamfuata, nikamuuliza nani amefariki. Akasema, "Plagi, mama." Ndipo akanieleza kwamba injini ya hiyo ndege ina plagi mbili kwa kila silinda, na kazi yake ni kuzitoa, kuzisafisha, kuzipima, halafu kuchagua zipi zirudi kwenye injini na zipi zisirudi. Na ninyi mna sheria: plagi ikianguka sakafuni, hata isipokwaruzika, haichaguliwi tena. Inakwenda pipani. Eti kauri yake huenda imepata ufa usioonekana, halafu huko juu cheche ikose njia. Mwanangu ameshaangusha tatu, nawe umemwambia akiongeza moja utampa ndoo na kitambaa akaoshe ndege kwa nje.

Kwa heshima zote, na bila kukukosea adabu, nina malalamiko.

1. Huo ufa usioonekana, nani aliuona? Mteja akiniambia mto wangu una tundu lisiloonekana, namjibu basi naye asubiri hela zisizoonekana.

2. Kuanguka si kosa la kumfukuzisha mtu wala plagi. Kitinda mwenyewe alianguka kitandani akiwa mchanga, akaanguka ngazini, akaanguka na baiskeli ya kaka yake akaingia nayo dukani kwa kinyozi. Hata siku aliyokuja kwako kuomba kazi alijikwaa hapo mlangoni akaanguka, na wewe mwenyewe ulimwinua. Hukumtupa. Ulimchagua yeye ukawaacha wale waliofika wamesimama wima. Sasa plagi imekosa nini?

3. Hizo tatu alizoangusha amekuja nazo nyumbani. Nimezipanga dirishani juu ya mto wa satini. Nimezitikisa sikioni, hazigongi. Nimezinusa, hazina harufu ya kitu kilichovunjika. Zinang'aa kuliko vijiko vyetu vya wageni, na tangu zifike hazijamsumbua mtu.

4. Huyo aliyebuni injini akaweka plagi mbili kwenye silinda moja, unadhani alikosa kazi? Alijua moja itaanguka. Alikuwa mtu mwenye huruma, na nina hakika alikuwa na mtoto kama wangu.

5. Kosa ni la sakafu yenu. Saruji tupu, kama mnasubiri kitu kianguke mkione. Kwa hiyo nimeshona godoro la kutandika chini ya injini. Vipimo nilimpima Kitinda akiwa amelala amenyoosha mikono kama mabawa. Nimeacha nafasi ya miguu ya fundi. Plagi ikiponyoka itakwenda kulala, siyo kufa. Baada ya kulimaliza nikakaa nikawaza: kama godoro linaokoa plagi, litashindwaje kuokoa ndege? Naomba unipe urefu wa uwanja wenu wote, nikatafute kitambaa. Uwanja ukishatandikwa mambo haya yote ya kuchaguachagua plagi yatakwisha. Mtafunga yoyote, na ikizima huko juu, rubani ashuke popote anapopenda.

6. Hili sikutaka kuliandika, lakini limenikaa kooni. Nimesikia kwamba wewe mwenyewe uliteleza kwenye oili ukakaa chini kwa kishindo mbele ya rubani. Hakuna aliyekupeleka pipani. Kwa sheria yako, Fundi Mkuu, wewe sasa una ufa usioonekana. Nimekushonea kamto kadogo kenye kamba mbili, ka kufunga kwa nyuma chini ya kiuno. Rangi yake haishiki uchafu.

7. La mwisho, na hili sifanyi mzaha. Mikono ya Kitinda haina ubaya. Nyumbani ananitungia uzi sindano nyembamba kabisa huku anaongea na mtu mwingine. Kinachomponza ni wewe kusimama nyuma yake ukikohoa. Aliniambia, "Mama, plagi nazijua hata gizani, ila nikisikia kile kikohozi vidole vinasahau." Huyu mtoto tangu apate hiyo meza anaamka kabla sijamwita. Ukimpa ndoo, atakuwa anaosha dirisha la ndege huku anawaona wenzake mezani wakichagua plagi, nami najua jinsi anavyolia bila sauti. Naomba abaki mezani pake. Na wewe ukitaka kukohoa, nenda kakohoe upande wa mkia wa ndege.

Nakomea hapa, maana cherehani inanitazama. Wasalimie mafundi wote, mlinzi wa geti, na rubani, mwambie nampa pole kwa kukaa juu muda mrefu bila mto wa maana. Msalimie na mama watoto wako. Kama magodoro yao yamebonyea, mimi nipo.

Ni mimi, mwenye uchungu lakini nakuheshimu,

Mama Kitinda,
Mshona magodoro na mito

N.B. Nilisahau jambo dogo. Dada yangu mkubwa anaumwa na ameomba nifike, kwa hiyo Jumamosi nitapanda hiyo ndege yenu. Sijawahi kupanda. Naomba siku hiyo plagi uzichague wewe mwenyewe, kwa mikono yako, mpya, za kutoka ndani ya boksi. Iliyoanguka itupe, hata kama imeangukia godoro langu. Inayoonekana kama inafikiria kuanguka, itupe nayo. Zile tatu za dirishani nimezishonea ndani ya kamto kako ili zisipotee njia zikaingia kwenye injini. Ukishakafumua, zipige nyundo kabisa. Kitinda asiguse kitu. Asimame tu nyuma yako, na akikuona unaharakisha, akohoe.