Kantini ya Bwana Aldo

Jumatatu, 2 Juni 2025

Baridi kali. Ukungu umelala kilimani tangu alfajiri, na leo nimeutazama kwa jicho jipya.

Sababu ni hii. Jana baada ya misa Sista Yunisi alitangaza kwamba tutapata mgeni. Anaitwa Bwana Aldo, mkulima wa zabibu kutoka vilima vya Langhe, mkoa wa Piemonte, Italia. Parokia yao na yetu ni ndugu. Analeta miche ya mizabibu, vibali vyote vimekwisha kupatikana, naye ataipanda katika kaya moja ya kijiji chetu kwa majaribio. Kaya moja tu! Ataichagua mwenyewe baada ya kututembelea.

Sista, aliyesoma huko Italia, ameniazima kijitabu cha picha. Nimekisoma chote kabla ya chai. Vilima juu ya vilima, kila kimoja na kijiji chake kichwani. Ukungu unajaa mabondeni wakati wa mavuno. Hata zabibu yao kuu, nebiolo, husemwa kwamba imepata jina katika neno lao la ukungu. Nikafunga kijitabu, nikatazama dirishani. Vilima ninavyo. Ukungu ninao. Zimepungua zabibu tu, na hilo ni jambo dogo.

Nimemweleza Enesi, mke wangu, kwamba safu ya mibuni nyuma ya nyumba itabidi iipishe mizabibu. Alikuwa anachagua kahawa mbovu kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Baba Recho, mibuni ile aliipanda mama yangu. Usiiguse mpaka mgeni aseme kwa mdomo wake kwamba amekuchagua wewe."

Nimekubali. Ni suala la siku chache.

Kikwazo ni kimoja: Fanuel. Tulifundisha shule moja, mimi Kiswahili, yeye hesabu. Tumestaafu pamoja na tunapakana shamba, kama adhabu. Jioni alisimama mpakani akaniambia kwamba mbuni zangu zimezaa sana mwaka huu. Nikamjibu kwamba miti ya kahawa ikiwa mingi ni mibuni, na kwamba mbuni wengi ni ndege, na ndege hawachumwi. Akasema ndege au mti, zimezaa. Mtu wa namna hiyo ndiye anayetaka kukabidhiwa mizabibu.

Jumanne, 3 Juni

Nimekwenda parokiani kumdodosa Sista Yunisi. Mgeni anapenda nini? Sista amesema kwamba watu wa Langhe si wa maneno mengi. Huwezi kuwashinda kwa hotuba. (Nimeifuta hotuba akilini. Ilikuwa nzuri.) Wao hutazama kazi ya mikono, udongo, na kantina. Nyumba ya mkulima isiyo na kantina, huko kwao, haihesabiwi nyumba. Bwana Aldo akifika kwa mtu huomba kwanza aonyeshwe kantina.

Nikamsahihisha kwa upole. Kwa Kiswahili tunasema kantini. Akasema, hapana Mwalimu, kantina. Akataka kunieleza zaidi, nikamzuia. Nimefundisha irabu miaka yote ya utumishi wangu. Maskini Sista, amekaa ugenini mpaka a na i zimemchanganyikia.

Kwa hiyo Waitaliano wa vilimani kila mmoja ana kantini yake! Sasa naelewa kwa nini wana furaha katika zile picha.

Fanuel hajui neno hili. Sitamwambia.

Alhamisi, 5 Juni

Kantini imesimama. Nguzo za mkaratusi, mabati, benchi mbili, meza ya mbele ya kuuzia. Nimeijenga mbele kabisa ya nyumba, palipo na jua la kutosha, ili mgeni aione kutoka barabarani. Nimeandika kwa rangi nyekundu: KANTINI. Chini yake: KARIBUNI NYOTE. Nukta nimeiweka.

Gwantwa, mama anayeuza maandazi njia panda, amekubali kuhamia hapa kwa siku ya ugeni. Aliizunguka kantini mara mbili, akashika kiuno.

"Shikamoo Mwalimu. Kumbe kustaafu kunachosha hivi mpaka unafungua kilabu?"

Nikamwambia kwamba hii si kilabu, ni utamaduni wa Piemonte. Akauliza kama utamaduni huo utakuwa na supu.

Fanuel naye anachimba. Nimemwona akirusha udongo mwekundu nje ya shimo, nyuma ya nyumba yake. Choo kipya. Cha zamani kimetitia. Wiki ya mgeni, mwenzangu anachimba choo! Nilicheka nikiwa peke yangu.

Ijumaa, 6 Juni

Tunduma kutafuta zabibu. Malori yamepanga foleni kutoka mpakani hadi kule Mpemba, nami nimetembea kando yake nikijisikia mfanyabiashara wa kimataifa. Upande wa soko nilimpata mama wa Kizambia mwenye maboksi ya zabibu za Afrika Kusini. Akanisalimia "Mulishani, bashikulu," yaani kaniita babu. Nikampuuza. Aliuliza kama nina harusi. Nikamjibu kwamba nina divai. Akacheka na wenzake kwa Kibemba, na sikuomba tafsiri.

Nyumbani nimezikamua kwa mikono na kuziweka katika pipa la bluu. Enesi akaniuliza pipa hilo nimelitoa wapi. Ni lile analolowekea kahawa ikishamenywa, na huu ni msimu wa kahawa. Nikamwambia avute subira. Divai ya Barolo, kwa mujibu wa kijitabu, huwekwa zaidi ya miaka mitatu kabla ya kuuzwa. Enesi akauliza kama kahawa yake nayo isubiri miaka mitatu. Swali la kejeli, halikuhitaji jibu.

Yangu itakaa wiki moja. Hali ya hewa ya kwetu ni nzuri zaidi.

Pipa nimeliweka kantini, juu ya meza, chini ya mabati.

Jumapili, 8 Juni

Nimefunua pipa kabla ya misa. Linatoa povu. Nimefunua baada ya misa. Povu bado. Nimefunua kabla ya chakula. Nzi.

Sista Yunisi ametusimulia jambo la ajabu kuhusu watu wa Piemonte. Wana jina la utani la kujiita wenyewe: bogianeni, yaani wasiosogea. Mtu wa kwao hakurupuki. Akisimama mahali amesimama. Hupanda mzabibu akijua atakayeifaidi vizuri divai yake ni mwanawe. Bwana Aldo ni mtu wa namna hiyo hasa.

Vema. Nami nitakuwa mtu asiyesogea. Nimetoa kiti nje nikaketi, mikono magotini, nikiangalia vilima.

Nikakumbuka kwamba sikufunika pipa. Nikaenda. Nikarudi. Nikaona kwamba kiti kingekaa vizuri zaidi upande wa pili. Nikakihamisha. Nikawaza kwamba Fanuel huenda naye ameketi. Nikaenda hadi mpakani kuchungulia. Alikuwa ndani ya shimo lake, kimya, anachimba tu, kichwa hakionekani tena. Enesi alinipita na kikapu cha kahawa akaniambia kwamba, kwa mtu asiyesogea, nimemaliza kiwanja.

Jumanne, 10 Juni

Siwezi kuandika kwa utulivu.

Asubuhi Enesi alikwenda kwa jirani kumenya kahawa, kwa kuwa mashine yetu ina kasoro. Nikabaki na safu ile ya mibuni. Nikawaza hivi. Mgeni anakuja keshokutwa. Akifika atauliza: mizabibu itakaa wapi? Nimwonyeshe mibuni? Mtu makini huonyesha nafasi iliyo tayari. Sikukusudia safu nzima. Mitatu tu, ya mwisho. Na ahadi yangu ilihusu mibuni ile kwa ujumla wake. Kisarufi, mitatu si ujumla.

Nikachukua shoka na jembe. Mizizi ya zamani ni migumu. Nilipomaliza nikasimama nikaitazama imelala chini na buni mbivu bado matawini, na nafsi ikanisuta ghafla. Nikasikia sauti ya Enesi barabarani.

Nimeirudisha mashimoni. Nimeisimamisha, nikashindilia udongo kwa mguu, nikatandaza majani makavu juu yake. Kutoka jikoni huoni tofauti yoyote. Usiku na umande vitaisaidia.

Jumatano, 11 Juni

Umande haujasaidia. Majani yamelegea. Nimeimwagilia mara nne. Enesi ameuliza kwa nini namwagilia mibuni mitatu tu. Nimesema naanzia mwisho.

Divai nimeionja. Ina ladha ya kahawa kwa mbali. Na ya bluu.

Alhamisi, 12 Juni

Amekuja.

Bwana Aldo ni mzee mfupi, mikono mikubwa yenye udongo kwenye mistari. Sista Yunisi alikuwa mkalimani. Kijiji kizima kilikuwa nyuma yao, na Fanuel mbele ya kijiji kizima.

Nilimkaribisha kantini. Gwantwa akampa maandazi na chai ya rangi. Alikula kwa heshima, akashukuru, kisha akasema neno kwa Sista. Sista akanigeukia: mgeni anaomba sasa aonyeshwe kantina. Nikamwambia Sista kwamba amekaa ndani yake. Wakasemezana kwa muda. Bwana Aldo akatazama mabati, akatazama bango, akaangalia chini ya meza.

Hapo ndipo Sista aliponieleza, mbele za watu, kwa sauti ya mtu anayemfunika mgonjwa shuka. Kantina ni chumba cha chini ya ardhi. Baridi, giza, kimya. Ndimo divai inamolala.

Gwantwa akasema, "Basi na maandazi yangu tuyazike?" Watu walicheka hadi barabarani.

Nikafungua pipa haraka kubadili mazungumzo. Lilikuwa la moto, maana jua lilikuwa limeyapiga mabati tangu asubuhi. Bwana Aldo akachota kidogo, akanusa, akaonja. Fanuel alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeona jibu nyuma ya kitabu. Mwishowe mgeni akasema neno moja.

Sista akatafsiri: "Anasema, ina haraka."

Kisha akaomba kuona udongo. Nikampeleka upande wa mbele, kwenye maharage. Hakutaka. Wakulima wana pua. Akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akapita mibuni iliyo mizima, akashika shina moja moja na kutikisa kichwa kwa furaha, akafika mwisho wa safu nami nikisema kwa nguvu kwamba huko hakuna kitu. Akashika mbuni wa mwisho. Ukang'oka mkononi mwake.

Akabaki ameushika kama fimbo ya kuhani. Maskini, alidhani ameuua yeye. Akaanza kuomba radhi kwa lugha yake, akatafuta mwenye shamba, akamwona Enesi, akampa mti kwa mikono miwili.

Enesi akaupokea. Akautazama upande wa chini, palipokatwa kwa shoka. Akaushika wa pili, ukatoka. Wa tatu, ukatoka. Hakuna aliyecheka tena, hata Gwantwa.

"Mwambieni mgeni hana kosa," Enesi akasema. "Mti huu mama aliupanda nikiwa mgongoni mwake. Aliyeuua hakuweza kusubiri hata siku mbili."

Hakuniangalia. Ingekuwa afadhali aniangalie.

Sista alipomaliza kutafsiri, Bwana Aldo akavua kofia. Akasema kwamba kwao kuna mizabibu aliyoipanda babu yake, inazaa kidogo, na hakuna mtu katika nyumba yao anayethubutu kuigusa. Akasema pia kwamba hawezi kupanda kitu chake mahali ambapo kitu cha mtu kimeng'olewa. Akampa Enesi mkono. Mimi aliniinamishia kichwa tu, kidogo.

Wakavuka kwa Fanuel. Nilibaki mpakani, lakini niliona. Bwana Aldo alifika ukingoni mwa lile shimo la choo, akasimama. Akashuka ngazi. Akagusa kuta. Sauti yake ikatoka chini, ndefu kuliko maneno yote aliyosema kwetu. Sista akatafsiri: baridi safi, pakavu, kina cha kutosha. Kantina bora aliyoiona tangu atoke kwao! Fanuel alifungua kinywa kusema ni shimo la nini. Kisha akakifunga. Mtu wa hesabu.

Mizabibu imekwenda kwa Fanuel.

Jumamosi, 14 Juni

Enesi anazungumza nami kwa mahitaji tu: chumvi, kuni, funga mbuzi. Leo ameleta miche mitatu ya mibuni kutoka kitaluni, ameipanda mwenyewe katika mashimo yale. Nilitaka kushika jembe. Alinipa ndoo ya maji. Nimebeba ndoo. Pipa la bluu nimelisugua kwa majivu mpaka mikono ikawaka, na sasa kahawa yake imo.

Alasiri Fanuel alikuja akiwa na haraka, akabisha hodi huku amesimama kwa mguu mmoja. Choo chake cha zamani hakitumiki, na shimo jipya sasa lina kufuli na mbao za kuwekea chupa. Aliomba atumie chetu. Nilikuwa natunga jibu kamili, lenye kiima na kiarifu, lakini Enesi akamwambia apite tu, Mwalimu Fanuel, na aje wakati wowote, kwake hakuna kung'olewa mtu.

Nimekubali kwamba nilikosea. Nimemwambia Enesi. Kuanzia leo nitakuwa mtu wa subira. Akasema, haya.

Jumatatu, 16 Juni

Bwana Aldo ameondoka. Jana nilikwenda parokiani kumuaga kwa nia njema, bila shauku yoyote. Wakati wa chai akasimulia, na Sista akatafsiri, kwamba divai si mali pekee ya Langhe. Kuna uyoga. Mweupe, unaota chini ya ardhi, hauonekani, na matajiri huusafiria kutoka pande zote za dunia. Huwezi kuupanda kwa haraka wala kwa nguvu. Unaujua mbwa tu. Mwenye mbwa hatoki na mwenzake, wala hasemi anakwenda wapi.

Nikauliza, kwa kujifunza tu, unapenda kukaa wapi. Akasema, kwenye mizizi ya miti ya zamani.

Sikumaliza chai.

Nimemwazima mbwa wa Gwantwa. Ana pua nzuri. Maandazi huyasikia kutoka njia panda. Asubuhi hii Enesi amekwenda kumenya kahawa. Mbwa alinusa safu nzima, akasimama kwenye mbuni mmoja mnene, wa nne kutoka nyumbani, akaanza kuparua ardhi kwa uhakika kabisa.

Nimeanza upande ambao kutoka jikoni hauonekani.