Picha Yangu na Shada la Maua

Jumatatu, 3 Machi
Nimekwisha! Leo studioni Goregaon nimemkuta Gajanan, mtunza vifaa, akipima shada la maua kwenye fremu ya picha. Picha ya nani? Yangu! Katika tamthilia yetu picha huvikwa shada mtu akishakufa. Miaka yote hii mimi ndiye Kaka Raghuveer, mkubwa wa nyumba. Nikifa, nani atanijua kwa jina langu, Devdatt Phansekar? Hata mama mkwe huniita Raghuveer. Halafu Lokesh, anayeigiza mdogo wangu, kaniuliza kwa upole kama ninakula vizuri. Nyoka yule.

Jumanne, 4 Machi
Nimeiiba picha. Bila picha hakuna marehemu! Nimeificha tumboni, ndani ya kanzu ya arusi, nikaigiza sherehe nzima bila kuinama. Mwongozaji wetu, Bi Vasundhara, kasema leo nimekuwa na heshima ya ajabu. Nyumbani Nalini, mke wangu, kaniambia nimuulize tu huyo mama, yaishe. Kuuliza! Kuku amuulize mwenye kisu?

Jumatano, 5 Machi
Wamenipiga picha nyingine. Nimekodoa macho, nikatoa meno yote. Nani ataililia sura hiyo? Bi Vasundhara kanitazama sana. Hofu hii itaniua kabla yao. Nimempigia simu Bi Kamlabai wa Nagpur, mwenyekiti wa mashabiki wangu, nikamnong'oneza kwamba Kaka Raghuveer anauawa. Kalia. Nami nikalia, tena kweli.

Ijumaa, 7 Machi
Bi Kamlabai kaja kwa treni, kaketi langoni, kagoma kula! Nyuma yake akina mama tele, na waandishi wa habari. Nimetoka kuwapungia. Bi Kamlabai kanifukuza nirudi ndani, eti jua litaniharibu sura.

Baadaye Bi Vasundhara kaniita ofisini. Picha ile haikuwa ya Raghuveer. Ilikuwa ya pacha wake, ambaye wote wanaamini alizama mtoni, na ambaye angerudi kulipiza kisasi. Ningecheza wote wawili! Mwigizaji gani wa mji huu haoti jambo hilo? Nikamwambia haraka kwamba basi, yamekwisha, tuendelee. Kajibu kwamba pacha sasa ni wa Lokesh, maana yeye akipigwa picha hutulia.

“Na mimi je?”

“Wewe ulitaka usife, Kaka Devdatt. Basi hufi.”

Jumatatu, 10 Machi
Raghuveer kaanguka ngazini. Kapoteza fahamu, na daktari wa tamthilia kasema huenda asizinduke hadi sikukuu ya Diwali, miezi mingi ijayo. Nalala macho yamefumbwa, sina hata neno moja la kusema, huku Lokesh akinililia kifuani mara mbili: kwanza kama mdogo wangu, kisha anabadilisha masharubu na kulia kama pacha. Machozi yake ni ya moto, yananiingia sikioni. Bi Kamlabai kamshukuru Mungu kwamba Raghuveer yu hai, kala, karudi kwao.

Nalini kanisihi: “Baba Tanvi, kazi bado unayo. Lala tu.”

Nimemwahidi. Na kweli nimelala. Ila leo kamera ilipomsogelea Lokesh, nimetikisa kidole cha mguu. Kidogo tu, hakuna aliyeona. Kesho nitakohoa.