Ng'ombe Watatu Katika Hati ya Kiapo

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Homa Bay.

Phanice Nyaboke ameandika mwongozo. Jalada la buluu, jina lake kubwa kuliko mada. Mada yenyewe: jinsi wakili anavyopaswa kumtetea mteja aliyefilisika. Si kampuni, mtu wa kawaida, mwenye madeni ya duka na ya simu. Mawakili wote wa Homa Bay na Migori wanautoa fotokopi. Mwenye duka la fotokopi chini ya ofisi yangu amenunua mashine ya pili! Nilisoma darasa moja na Phanice. Alikuwa akiazima kalamu zangu.

Ijumaa mawakili wa kanda tunakutana hapa mjini. Yeye atatoa mhadhara wa saa nzima. Mimi, Cliff Obare, wakili wa miaka kumi na moja, nimepangiwa kuomba. Sala ya kufungua, dakika mbili. Katibu anasema nina sauti nzuri ya maombi.

Najua huu ni wivu. Nauandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Saa nane nilimkuta mwanamke kwenye benchi la Phanice. Ofisi zetu zinatazamana, korido moja. Anaitwa Damaris, Mama Achieng, fundi wa nguo kutoka Rangwe. Alikopa vitambaa vya sare kwa Joash mwenye duka. Wazazi wakachelewa kumlipa, akakopa kwenye simu ili amlipe Joash. Akakopa tena kwenye simu ili ailipe ile simu. Sasa Joash anataka cherehani yake. Bila cherehani hakuna kazi, na bila kazi Achieng anarudi nyumbani kutoka bweni. Phanice alikuwa mahakamani Migori hadi jioni. Nikamwambia mama kwamba kwangu hakuna foleni. Nikamnunulia chai na mandazi. Akahama benchi.

Mpango ni huu. Kesi iwasilishwe kabla ya Ijumaa. Katikati ya mhadhara nainua mkono, nasema mimi nina mteja hai, si karatasi. Halafu natangaza mwongozo wangu mwenyewe.

Jumanne, 9 Septemba.

Nimeanza mwongozo wangu. Jalada jekundu. Ndani bado.

Karani wangu Monicah ana nakala ya Phanice kwenye droo. Alisema kuna sehemu muhimu kuhusu mifugo, akataka kunisomea. Nikamtuma maji ya chai. Sitasaidiwa na mtu aliyeazima kalamu zangu.

Nimejaza fomu za Mama Achieng kwa simu, asubuhi moja tu. Nilimuuliza ana ng'ombe wangapi pale nyumbani. Watatu, akasema. Akaanza kusema lakini hao ng'ombe, wakili. Nikamwambia fomu haina nafasi ya lakini. Nikaandika watatu, mali yake. Hati yenye ng'ombe huonekana nzito.

Alasiri alikuja kuapa. Aliomba nimsomee kwanza. Nilimsomea kwa Kiingereza cha mahakama, mbio mbio, kwa sababu kamishna wa viapo alikuwa anafunga ofisi. Aliitikia kwa kichwa. Akashika Biblia kwa mikono miwili, akaapa taratibu, kila neno. Nilipenda sana jinsi alivyoapa.

Jumatano, 10 Septemba.

Nimewasilisha karatasi. Joash naye amepata nakala yake, kama sheria inavyotaka. Siku mbili! Phanice angechukua wiki tatu.

Alikuja ofisini kwangu, akiwa na viatu vipya. Aliuliza kama nimemwona mama wa Rangwe aliyempigia simu. Nikasema watu hupita koridoni. Akaniachia nakala ya mwongozo, bure, amesaini: kwa Cliff, rafiki wa tangu chuo. Nimeiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Meza imetulia, na hilo pia limeniudhi.

Jioni shemeji yangu Ochieng alipiga simu tena. Bado wanadai ng'ombe mmoja wa mahari. Nilimwambia sina ng'ombe ambaye najua yuko wapi. Ni kweli tupu. Mwezi wa tatu nilinunua mtamba mwekundu, nikamkabidhi mama yangu amweke kwa rafiki yake, kama watu wa huku wanavyofanya. Anayekufugia anakunywa maziwa, na anayechungulia boma lako haoni kitu. Nilimkataza mama asiniambie ni kwa nani. Hivyo siwezi kusema uongo hata nikiapishwa. Phanice hawezi kufikiria jambo kama hilo.

Alhamisi, 11 Septemba.

Mama yangu alipiga simu saa tatu asubuhi. Akasema wanampakia ng'ombe wangu kwenye pikapu. Nikamuuliza ng'ombe gani. Akasema yule ambaye nilikataa kujua yuko wapi.

Nilifika Rangwe kwa bodaboda, koti la kesi mgongoni. Boma la Mama Achieng lilijaa watu. Joash alikuwa amesoma kwenye karatasi yangu kwamba mdeni wake ana ng'ombe watatu, akakodi gari. Naibu wa chifu alimzuia, asiondoke kabla mambo hayajaeleweka. Mzee Nashon alikuwa ameshika kamba ya ng'ombe wa kwanza, akisema ni wake, amemweka hapo tangu mwaka juzi. Wa pili alikuwa wa mama mmoja wa Asumbi, naye amekuja na dada zake wanne. Wa tatu ni mwekundu. Alinitazama kama mtu anayenijua.

Hakuna hata mmoja aliye wa Mama Achieng. Wote wamewekwa kwake kwa sababu ni mwaminifu. Kila mtu hapa angejua kuuliza hivyo. Hata mimi, na mimi ndiye niliyeficha mmoja.

Naibu wa chifu aliisoma hati ya kiapo kwa sauti, ikiwemo mhuri wangu. Mama Achieng alilia. Alisema nimemfanya mwizi wa ng'ombe wa watu, na ameapa na Biblia mkononi. Akasema, "Wakili, nani ataweka ng'ombe kwangu tena?" Niliona aibu, na siandiki hivyo mara nyingi.

Nilijaribu njia moja. Nilisema namwakilisha mwenye ng'ombe mwekundu, asiyetaka kutajwa. Naibu wa chifu akasema ng'ombe wa mtu asiyetajwa apande gari. Basi nikaandika: ng'ombe mwekundu ni wangu. Nikasaini mbele ya mashahidi kumi na wawili. Sijafika barabarani, habari zikamfikia Ochieng, akapiga simu. Alikuwa mpole sana, akaniita shemeji mara tano.

Joash ameacha ng'ombe. Lakini amesema cherehani ataichukua Jumatatu.

Ijumaa, 12 Septemba.

Niliomba kwa dakika kumi na nne, nikitumaini kula muda wa Phanice. Niliwaombea mawakili wanyenyekevu. Katibu alisema amina mara tatu kabla sijamaliza.

Phanice alipanda jukwaani. Jambo la kwanza, alisema, usimuulize mteja wa huku ana ng'ombe wangapi nyumbani. Muulize ng'ombe wake wako kwa nani, na wa nani wako kwake. Muulize kwa lugha yake, mara tatu, siku tofauti, na mara moja mfuate kwake. Ukumbi mzima ukaandika. Mkono wangu ulibaki mfukoni.

Nje, wakati wa chai, Mama Achieng alikuwa amekaa akimsubiri. Phanice hakunigombeza. Aliomba faili tu. Afadhali angenigombeza mbele ya watu, watu wangenihurumia. Waliketi pembeni kwa saa mbili, wakizungumza Dholuo, lugha ya mama huyo. Phanice ni Mkisii! Alipatikana ndama mmoja, wa Mama Achieng kabisa, yuko kwa rafiki yake karibu na misheni. Mimi singempata. Phanice aliandika hati mpya ya kusahihisha ile yangu, na maombi ya kulipa kidogo kidogo kwa amri ya mahakama. Cherehani akaiandika kuwa chombo cha kazi, ambacho sheria inamwachia mdeni. Mimi cherehani sikuitaja popote.

Halafu akampigia Joash na kumweleza. Joash akakubali kungoja. Mimi Joash hakuwahi hata kupokea simu yangu.

Alhamisi, 2 Oktoba.

Mahakama imetoa amri. Mama Achieng atalipa kila mwezi, kiasi anachokiweza, na cherehani inabaki kwake. Alimletea Phanice kuku. Nilimwona kuku huyo akipita mbele ya mlango wangu, jogoo mzuri, mzito. Mama Achieng alinisalimia kwa heshima na kupita. Ng'ombe wangu naye yuko kwa wakwe. Mke wangu anasema hatimaye anaweza kwenda kwao bila kuinamisha kichwa.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini leo toleo la pili la mwongozo limetoka. Kuna ukurasa mpya, unaosimulia wakili mmoja wa kanda hii aliyeorodhesha ng'ombe wa watu watatu, mmoja akiwa wake mwenyewe. Jina halikutajwa. Phanice alinipitia na kuniambia kwa upole kwamba amelificha makusudi, nisione aibu.

Nimeusoma ukurasa huo mara sita. Ndio ukurasa bora wa kitabu kizima! Mawakili wanaucheka mpaka wanafuta machozi, wanaukariri koridoni. Na kazi yote niliifanya mimi. Yeye ameandika tu.

Nimemwandikia barua ya madai. Nataka jina langu kwenye jalada, herufi sawa na zake. Monicah aliisoma, akauliza kama nina hakika. Nikamwambia atoe nakala arobaini, awapelekee mawakili wote wa Homa Bay na Migori leo leo, ili ijulikane wazi kwamba wakili yule ni mimi.