Naomba Safari Hii Nife kwa Homa

Kwa Mheshimiwa Mwongozaji wa Video za Muziki, ambaye kabla ya cheo hicho nilikuwa nikimfuta kamasi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU VIFO VYANGU

Mpwa wangu,

Marahaba, ingawa hujaniamkia.

Mimi mjomba wako, muuguzi wa wodi ya watoto, mtu ambaye hata mende humfagia nje badala ya kumkanyaga, nakuandikia kwa heshima zote, maana kila nikikupigia simu uko lokesheni. Tangu uanze kazi hii umekuwa ukiniita kila ninapopata mapumziko, nami nakuja, nikijiambia zimwi likujualo halikuli likakwisha. Katika video zako nimekaba watu, nimeteka wachumba wa wasanii, nimepigwa risasi nikikimbia na nikiwa nimesimama tu. Silalamikii kufa. Kufa ni kazi kama kazi nyingine. Malalamiko yangu ni haya:

1. Utaratibu wa getini. Msaidizi wako husimama pale na bahasha ya kaki, akiilinganisha na mkono wa kila anayefika. Aliye mweupe kuliko bahasha anaelekezwa kwenye sofa, anapewa glasi ya juisi na kuambiwa acheke. Aliye mweusi kuliko bahasha anaelekezwa kichochoroni na kupewa panga. Kwangu mimi siku hizi bahasha haitolewi kabisa. Msaidizi akiniona tu anasema, "Mzee, panga lako liko palepale."

2. Mjomba wako mdogo. Tumetoka tumbo moja, ila yeye alichukua rangi ya bibi yetu, maji ya kunde. Kwako ameshakuwa mwenye benki, mchungaji na baba wa bibi harusi. Mpwa wangu, unamjua mjomba wako. Mtaa mzima unamjua. Akipita, watu huanua nguo kambani, kavu na mbichi. Kumpa benki mtu kama yule ni kumnyima nafasi ya kuonyesha kipaji alichozaliwa nacho.

3. Video ya hospitali. Ulikuja kupiga picha wodini kwangu, kwa ruhusa niliyokuombea mimi. Nikasema leo ndiyo leo, nitaigiza na sare yangu mwenyewe. Ukanivua sare, ukanifunga pingu, nikaingizwa kwa machela nikivuja rangi nyekundu mbele ya wauguzi wenzangu. Daktari ukamfanya yule Mzungu aliyekuja kutengeneza lifti. Maskini alikataa, akasema hajui lolote la udaktari. Ukamwambia sura inatosha. Akanipima moyo kwenye kitovu. Na lifti hadi leo haifanyi kazi.

4. Juzi nilimwendea mtoto na sindano, akainua mikono yote miwili juu. Mama yake akanikabidhi simu. Nilipomrudishia, alinishukuru kwa huruma yangu.

5. Katika video zako kuna mtaa ambao kila nyumba ina bwawa la kuogelea, na wakazi wote ni weupe na wamevaa nyeupe. Sisi weusi tunafika huko kwa kuruka ukuta. Naomba kuuliza kwa unyenyekevu, zile nguo anafua nani?

6. Hili nilitaka kuliweka la kwanza, mkono ukakataa. Binti yangu, binamu yako, alikuja kwako kujaribiwa nafasi ya bibi harusi katika wimbo mpya. Anacheza kuliko wote waliofika, hata wewe ulikiri. Kisha ukamwambia, "Mdogo wangu, tatizo rangi yako inakula taa," ukampa kazi ya kubeba shela la mwenzake, uso ukiwa chini. Tangu siku hiyo ananawa uso kama anayefuta maandishi, na mama yake amekuta chini ya godoro kopo la krimu lisilo hata na jina. Mimi ni muuguzi. Najua krimu hizo zinaifanya nini ngozi, kwa sababu zikishaifanya, waliojipaka wanaletwa kwetu hospitalini. Niliumia, mpwa wangu. Risasi zako zote hazijawahi kuniuma vile.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, ujambazi uende kwa zamu, kama sisi wauguzi tunavyopeana zamu: wiki hii weusi, wiki ijayo weupe, na sikukuu tugawane. Pili, nikifa tena, nife kwa homa, kitandani, nimefunikwa shuka safi, watu wakilia. Tatu, na hili si ombi, binamu yako awe bibi harusi kwa sura aliyopewa na Mungu. Kama rangi yake inakula taa, ongeza taa.

Ukikataa nitakwenda kwa mama yako. Yeye ni dada yangu na ni mweusi kuliko mimi. Atataka kujua, siku akija getini kwako kukuletea chakula, wewe mwanawe utamweka kwenye sofa au kichochoroni.

Nisalimie mpiga kamera, msusi, yule anayewapaka wasanii poda na yule kijana wa bahasha, ambaye najua ametumwa tu. Ukimwona Mzungu wa lifti naye msalimie, mwambie wagonjwa bado wanapanda ngazi.

Wako wa ukoo na wa kichochoro,

Mjomba wako mkubwa,
Muuguzi (kwenye video: Jambazi wa Kwanza)

N.B. Nimeambatisha picha ya binamu yako ili ulifikirie upya suala lake. Nimemwomba mpiga picha aiongezee weupe kidogo, kidogo tu, usije ukashtuka. Imetoka vizuri sana. Mwenyewe alipoiona aliniuliza huyu ni nani. Nikamjibu ndiye bibi harusi.