Ombi la Kuhamisha Zamu ya Saba

Kwa Meneja Mkuu,
Uwanja wa Besiboli wa Fisimaji,
Wexley Park, Ohio.

Ndugu Meneja,

Natumaini klabu haijambo. Mimi sijambo kidogo tu. Naitwa Bernadine Kosciak, nyumba yangu iko nyuma ya ukuta wenu wa kushoto. Tulikuwapo miaka kumi na tisa kabla yenu. Hapo mlipo palikuwa shamba la mahindi, na mahindi hayakuwa na spika.

1. Mipira. Kila mwenye nguvu hupiga kwenye nyanya zangu. Desturi ni kwamba mpira uliopigwa na timu ya wageni ukivuka ukuta, shabiki muungwana huurudisha uwanjani kwa dharau. Nimerudisha kumi na mmoja. Mlinzi wenu akaniletea yote mlangoni: "Bibi, imeanguka kwako, ni yako. Usinichoshe."

2. Mtangazaji. Mpira ukielekea kwangu hupaza sauti: "Mama Nyanya, kaa chonjo! Mzigo wako huo!" Watu elfu tatu hucheka. Jumapili iliyopita padri naye kaniita Mama Nyanya, mbele ya altare.

3. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Katikati ya zamu ya saba, kati ya zamu tisa za mchezo, mnawasimamisha watu wote wanyooshe miguu na kuimba. Mume wangu, Stan, alipata kiharusi Februari. Tangu hapo hasimami. Mtaalamu wa viungo kambembeleza, wapi! Askofu kaja na baraka zake, mzee kakaa vilevile. Lakini wimbo wenu ukianza, anashika mkono wa kiti pale barazani, anatetemeka, anasimama wima, anaimba maneno yote, yeye ambaye jina langu hajalitaja tangu Februari. Nauliza kwa heshima: miaka arobaini na miwili nilimpikia mimi au mlimpikia ninyi? Naona wivu, na sioni haya kuusema.

Kwa hiyo naomba huo wimbo wa zamu ya saba uhamishiwe kwenye ya pili, niaibike mapema nikaoshe vyombo. Ikishindikana, mchezo uishie zamu ya sita. Ikishindikana hata hiyo, bomoeni uwanja, mrudishe mahindi. Nawapa siku thelathini.

Nisalimie wote ofisini, na mlinzi, na huyo mchekeshaji wenu anayevaa ngozi ya fisimaji kwenye joto hili. Msalimie pia mdakaji namba kumi na nne. Mwambie akishika gongo aache kufukuzia mipira ya chini, anatuangusha.

Wako, ambaye subira yake iko ukingoni,
Bernadine Kosciak (Bi.)

N.B. Jana mvua ilizuia mchezo. Stan alivaa viatu, akakaa barazani akingoja mpaka nikamwingiza ndani. Sasa naona kwenye ratiba timu inasafiri siku tisa. Tafadhali, hata uwanja ukiwa mtupu, saa mbili na nusu usiku washeni spika mpige ule wimbo, mara moja tu. Nitasimama naye. Na nyanya zigongeni mpendavyo.