Jeupe, Jekundu na Kisu cha Baba

Jumatatu, 8 Desemba 1980

Leo nimeona magari mawili, lakini moja tu ndilo gari.

Yapo mtaa wa Gerezani, kwa Shaibu fundi magari, yule mtu wa Lindi mwenye maneno matamu. Mzungu mmoja mtaalamu wa mabwawa amemaliza mkataba, kamwachia auze. Yote ya spoti, milango miwili, yametoka kiwanda kimoja mwaka mmoja. Moja jeupe, moja jekundu. Jeupe ni la kawaida: usukani, breki, viti vinne, basi. Jekundu ni daraja la juu! Mistari miwili myeusi ubavuni. Honi ya sauti mbili. Geji sita. Tundu darini lenye kifuniko, unatoa kichwa kama askari wa kifaru. Na saa ya mishale katikati ya dashibodi, inang'aa kama jicho la paka.

Nyuma ya Jekundu hakuna kiti. Kuna tairi la akiba na spika mbili.

Nikamweleza Shaibu kwamba mimi si mgeni wa usukani. Mwaka hamsini na saba nilimwendesha bwana shamba mmoja kutoka Moshi mpaka Voi kinyumenyume, gia za mbele zilikuwa zimekataa. Shaibu akauliza, kinyumenyume mpaka Voi, Mzee? Mpaka Voi. Shingo iliniuma wiki mbili. Akaita mafundi wenzake waje nisimulie tena. Heshima kama hiyo huipati kila mahali.

Akiba ya bucha yangu inatosha Jeupe. Kwa Jekundu inapungua kidogo.

Jumanne, 9 Desemba

Barua ya Mama kutoka Kibosho. Mama haandiki kwa kuzunguka. Anasema Krismasi mbili sikuonekana. Anasema kisingizio changu cha simba aliyelala barabarani Mkomazi amekisikia mara ya kwanza, mara ya pili hakitaki. Mbuzi wa Krismasi huchinjwa na mtoto wa kwanza kwa kisu cha marehemu Baba. Nisipofika kabla ya saa sita mchana siku ya Krismasi, kisu anampa mdogo wangu Tarsis.

Tarsis! Muuza sufuria wa Mtaa wa Kongo! Mimi nina bucha Mtaa wa Sikukuu, nachinja kila siku ya Mungu, halafu mbuzi wa baba yangu achinjwe na mtu wa sufuria?

Nitafika. Tena nitafika na gari, Kibosho nzima itoke nje.

Jumatano, 10 Desemba

Nimemgusia mke wangu Winifrida habari ya gari. Kosa. Akauliza maswali matatu bila kuacha kuchambua mchele. Je, litabeba watu wanne, yaani sisi na watoto wawili? Litabeba sabuni na sukari za kupeleka nyumbani? Na petroli utaipata foleni gani?

Nikamwambia ana mawazo ya treni.

Akasema ndiyo, anayo, na tiketi nne za treni pia anazo, alizipangia foleni siku mbili stesheni, za Jumamosi tarehe ishirini. Akasema kama shetani wa gari amenipanda kweli, basi ninunue jeupe, tutauza tiketi twende wote. Jekundu, akasema, ni la mtu asiye na watoto wala akili.

Ameliona lini? Huyu mwanamke ana macho Gerezani.

Ijumaa, 12 Desemba

Nilikuwa karibu kulipia Jeupe. Naapa. Hela mfukoni, kalamu mkononi.

Akatokea Tarsis. Shikamoo kaka, marahaba, akaanza kulizunguka Jeupe akilipapasa kama ng'ombe wa mnada. Kisha akasema hivi, nayaandika kama yalivyotoka: "Hili linakufaa, kaka. Halina mambo mengi ya kukuchanganya."

Shaibu akakohoa. Mafundi wakainamia kazi zao, mabega yanatikisika.

Nikauliza yeye atasafiri na nini. Akanywea. Mkewe na watoto wameshatangulia, yeye amebaki na duka, na tiketi za treni zimekwisha. Amezunguka mji mzima. Nikamwambia pole sana mdogo wangu, nitakufikishia salamu kwa Mama. Nilicheka mpaka Msimbazi.

Jeupe, baada ya maneno yale? Haiwezekani tena.

Jumatatu, 15 Desemba

Jekundu ni langu!!

Akili iliyotumika hapa haifundishwi darasa la nne, ndiyo maana shule niliiachia pale pale. Pengo nimeliziba bila kukopa hata senti. Kwanza: saa yangu ya mkononi. Gari lina saa, ya mkononi ya nini? Nibebe saa mbili kama fundi saa? Pili: tiketi yangu ya treni. Mtu mwenye gari haketi kwenye behewa na makuku ya watu. Shaibu alisema anamjua msafiri mwenye shida sana, atachukua vyote viwili. Nikaona nafanya na thawabu.

Shaibu akanionyesha kila kitu. Akairekebisha saa. Alisema na jambo fulani kuhusu ile saa na ufunguo wa gari, sikulipata vizuri, nilikuwa najaribu honi. Sauti mbili kweli! Ya kwanza kama baragumu, ya pili kama mbuzi.

Alhamisi, 18 Desemba

Winifrida amehesabu tiketi. Tatu. Nikamweleza mpango wote tangu mwanzo, na thawabu ndani yake. Akazifunga zile tatu kwenye pindo la kanga. Bora angepiga kelele.

Baadaye akasema: "Baba Severa, sikiliza kitu kimoja. Ondoka siku yoyote, lakini ikiwa Jumapili, kuanzia saa nane mchana magari ya watu binafsi hayaruhusiwi barabarani. Umesikia? Saa nane."

Nikamwambia saa nane mimi nitakuwa Kibosho nakunywa pombe ya mbege, watu wamelizunguka gari.

Foleni ya petroli: nimesukuma Jekundu toka asubuhi mpaka jioni. Wote waliokuwa foleni wamenijua jina.

Jumamosi, 20 Desemba

Petroli nimepata, tangi limejaa. Nikawapeleka stesheni. Yaani, wao walitangulia kwa teksi na mizigo, mimi nikafuata na Jekundu, kichwa nje ya tundu kila niliposimama.

Nikaenda dirishani kwao kuwaaga. Winifrida, Severa, mdogo wake Anaeli. Na kwenye kiti cha nne, changu, cha dirishani, ameketi Tarsis. Amenyoosha miguu. Anakula paja la kuku. Kuku wangu!

Shaibu ni nyoka.

Tarsis akatoa mkono nje kunipungia. Kwenye mkono ule, saa yangu. Akasema asante kaka, Mungu akuongeze, na saa yenyewe haipotezi hata dakika. Winifrida akatazama dari ya behewa. Watoto wakaniuliza kama nitafika. Anaeli aliuliza mara mbili.

Nikasema kesho mchana nitakuwa nao, kabla Baba Mdogo hajavua viatu. Treni ikaondoka. Nikapiga honi zote mbili.

Jumapili, 21 Desemba

Naandika nikiwa kwenye benchi la kituo cha polisi. Nitaeleza kwa utaratibu maana kosa si langu.

Nimeamka gizani, nikaliwasha, saa ya gari ilikuwa nyuma, nikairekebisha kwa redio ya jirani, ikasoma vizuri kabisa. Misa ya saa moja, Mtakatifu Yosefu. Nikafika saa moja kasoro dakika kumi, nikazima, nikaingia. Padri alihubiri kwa urefu. Natoka, nawasha: saa moja kasoro dakika kumi! Nikastaajabu. Nimeingia, nimesali, nimetoka kabla misa haijaanza. Nikasema moyoni, hii ndiyo maana ya spoti.

Basi kama muda upo hivi, haraka ya nini? Nikapita Posta. Nikashuka Magogoni, nikaegesha penye watu wanaosubiri pantoni, nikawasimulia safari ya Voi, na vivuko viwili vikaondoka watu bado wananisikiliza. Nawasha: saa moja na robo. Nikarudi Kariakoo. Nikaegesha mbele ya duka la Tarsis lililofungwa, nikakaa juu ya boneti kiasi cha kutosha. Nikala kwa Zamzam, mama lishe wa Mtaa wa Sikukuu. Saa mbili kasoro asubuhi, na pilau iko tayari! Nikamsifu kwa kuamka mapema. Akaniuliza kama nina homa.

Jua lilikuwa kali mno kwa saa mbili. Nikadhani ni ile dari iliyo wazi.

Ubungo, kizuizi. Afande kijana, akaniamkia vizuri, kisha akauliza, Mzee, unajua ni saa ngapi? Nikamwonyesha dashibodi kwa fahari. Saa mbili na dakika kumi. Akainama akaitazama. Akasema nizime gari. Nikazima. Tukaitazama wote wawili. Mshale umesimama. Akasema niwashe. Ukaanza kutembea.

Hapo ndipo nilipokumbuka Shaibu alisema nini kuhusu ufunguo.

Afande akaniambia, kwa adabu tu, nitoe kichwa kwenye lile tundu la darini nitazame jua liko wapi. Nikatazama. Lilikuwa limeshapita utosini linaelekea kwao magharibi. Saa nane na nusu.

Nikamweleza habari ya bwana shamba na Voi. Akaandika yote. Nadhani aliandika na makosa mengine.

Jumatano, 24 Desemba

Faini nimelipa, Jekundu nimerudishiwa leo mchana. Geji ya mafuta imelala kabisa. Ile mizunguko ya Jumapili, na siku tatu za kulala kwa polisi! Vituo vyote havina petroli mpaka sikukuu ipite. Mabasi yamejaa mpaka juu. Stesheni nako tiketi zimekwisha; nimecheka peke yangu mbele ya dirisha la tiketi, karani akaita mtu.

Nikaenda kwa Shaibu kumpa maneno yake. Akasema alinieleza, mashahidi anao, hata honi aliisikia. Kisha akauliza kwa nini nisiende kinyumenyume kama ule mwaka, huenda geji ikarudi juu. Mafundi wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

Alhamisi, 25 Desemba. Krismasi

Kariakoo kimya. Nimechoma nyama ya bucha, nikaila ndani ya Jekundu, tundu wazi. Gari nimelizima, saa haitembei. Lakini saa sita mchana niliijua bila saa yoyote. Wakati ule Mama alikuwa anatazama njia.

Sikupiga honi.

Jumatatu, 29 Desemba

Wamerudi. Mbuzi kachinjwa na Tarsis. Winifrida anasema alimchinja kama anakata kamba. Nilipona kidogo.

Mama amenitumia shingo ya mbuzi, imekaushwa vizuri, imefungwa kwa jani la mgomba. Na ujumbe: Tarsis atakaa na kile kisu mpaka Pasaka tu. Pasaka nikifika kabla ya saa sita, hata kwa miguu, hata kwa punda, kisu ni changu na hatauliza tena habari ya simba. Nisipofika, basi, kisu ni cha Tarsis moja kwa moja.

Nilitoka nje kidogo. Moshi wa jiko uliniingia machoni.

Tarsis alipita jioni. Sikutaka kumsikiliza. Akavua ile saa akanifunga mwenyewe mkononi. Akasema, kaka, nilikaa kwenye kiti chako usiku kucha sikulala, watoto wanachungulia dirishani kila wakiona taa ya gari. Akasema Pasaka tupande treni wote. Ni mtu mzuri Tarsis. Sufuria zimemkuza.

Nimemwahidi Winifrida: treni. Nimeshika na Biblia.

Jumatano, 31 Desemba

Shaibu amepata gari lingine. La kijani. Nimelitazama tu, kutazama si dhambi.

Sasa nimeelewa kosa langu lilikuwa wapi. Jekundu halikuwa daraja la juu, lilikuwa la katikati! La kijani ndilo la juu kabisa, na lina saa MBILI. Shaibu anasema zote zinatembea hata gari likizimwa. Nimemsikiliza mpaka mwisho safari hii, mkono mbali na honi. Atachukua Jekundu, na nyongeza ndogo.

Mtu mwenye saa mbili garini, ya mkononi ya nini?

Winifrida amekwenda stesheni kuulizia tiketi za Pasaka. Nimemsindikiza mpaka kona, nikamsisitizia asisahau ya kwangu. Shaibu anaisubiri.