Kupinga kwa Kibali

"Baraza la Mji wa Skelby lina furaha kuwatangazia wakazi wote kwamba, kuanzia Jumatatu, kitenzi 'kupinga' kitatumika kwa kibali maalumu."

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa choo cha sokoni na karani wa Baraza, Basil Tunnicliffe, huku mvua ikimnyeshea. Choo kilikuwa kimefungwa ili kuboresha huduma, na watu mia nne walikuwa wameandika barua za kupinga. Mwenyekiti, Bwana Roderick Haxby, aliyekalia kiti miaka kumi na tisa akipita kila mara bila kupingwa, hakukasirika. Kabla ya tangazo aliunda Kamati ya Maana.

Kamati ilikaa wiki sita, ikanywa chai, ikafungua kamusi, ikagundua kuwa neno hilo lina maana tatu: kutokubali jambo, kusimama mkabala na kitu, kama kidole gumba kinavyopinga vidole vingine, na kushindana na mtu katika uchaguzi.

"Ya kwanza ina kelele, ifutwe," alisema Haxby. "Ya pili haina madhara."

"Na ya tatu, Mheshimiwa?" aliuliza Basil.

"Iache, ni pambo tu. Nani wa kushindana na mimi?"

Basil akachapa fomu za kibali. Jumatatu wakazi wakaja na makoti yao ya mvua, wakasimama mkabala na ofisi dakika mbili mbili, wakagongewa muhuri, wakaenda zao. Haxby aliwapungia mkono dirishani.

Siku ya nne alikuja Maureen Oddie, mpishi mstaafu wa shule.

"Basil, mwanangu, nimesimama siku tatu. Choo kimefunguliwa?"

"Bado, Bibi Oddie. Lakini kusimama kwako kumetambuliwa rasmi."

"Kibofu changu hakijui muhuri."

Basil aliona haya. Mama huyu alimlisha miaka saba, na hakuwahi kumnyima kipande cha pili cha keki. Kwa upande mwingine, yeye Basil alikuwa amebakiza miaka miwili tu kufikia pensheni. Alitazama mlango wa Mwenyekiti, akashusha sauti.

"Kuna maana ya tatu. Haijawahi kutumika. Inataka sahihi kumi."

Bibi Oddie aligeuka kutazama foleni nyuma yake. "Nani ana kalamu?"

Mchana Haxby aliteremka ngazi, shingo nyekundu, ameishika kwa vidole viwili fomu ya Bibi Oddie ya kugombea uenyekiti, yenye sahihi kumi.

"Naipinga hii."

"Kwa maana ipi, Mheshimiwa?" aliuliza Basil.

"Kwa maana kwamba sikubali, wewe!"

"Hiyo ilifutwa. Saini ni yako. Na ya tatu mnaitumia tayari, wewe na yeye." Basil akavuta fomu nyingine. "Imebaki ya pili."

Haxby alimkodolea macho. Kisha, kwa kuwa foleni nzima ilikuwa ikimtazama na kanuni ni kanuni, alitoka nje bila mwavuli, akasimama mkabala na ofisi yake mwenyewe. Basil alishika saa. Dakika mbili zilipotimia, akamgongea muhuri, akamshukuru kwa ushirikiano.

Katika uchaguzi wa Mei, Bibi Oddie alipata kura 1,106, na choo kikafunguliwa kesho yake kabla ya kifungua kinywa. Haxby alipata kura thelathini na moja. Kamati ya Maana peke yake ilikuwa na wajumbe thelathini na wawili.